Upana wa Uso wa Araba

Skrini ilifika ndani ya pipa, katikati ya mifuko ya mchele na viatu vya mtumba, imezungushiwa blanketi. Binti yangu Aba aliituma kutoka Hamburg baada ya kusikia kwamba ile ya zamani imekufa. Ilikuwa pana, nyembamba, ya kisasa kabisa, na sikuwa nimeiomba. Aba ni mtoto mwema, ila ana tatizo la watoto wote walio ng'ambo: ukimwambia unaumwa jino, anakutumia mswaki wa umeme. Mimi nilitaka anipigie simu aniulize, baba, siku hizi unakula nini. Akatuma skrini.

Natengeneza mabango ya misiba hapa Sekondi, katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Nilianza maisha nikiwa mchoraji wa vibao. Majina ya vinyozi, majina ya makanisa, maneno ya nyuma ya malori, yote hayo nimeyaandika kwa brashi kuanzia hapa mpaka Axim, bila rula, kwa jicho tu, na herufi zangu zilisimama wima kuliko za waliopima. Ndiyo maana mpaka leo watu wananiita Masta. Kompyuta zilipoingia mjini wenzangu walizicheka. Mimi nikanunua moja iliyotumika, na ndiyo hiyohiyo ninayo mpaka sasa.

Kwetu mtu akifa, ukoo unaweza kubishana wiki nzima juu ya siku ya kuzika, lakini picha ya bango huletwa upesi. Uso wa marehemu unakaa katikati, mkubwa, kisha jina, umri, na chini yake orodha ya wafiwa, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi wote. Mke wangu Araba ndiye aliyekuwa akiichapa orodha hiyo. Alijua nani atanuna akishushwa mstari wa tatu. Akimaliza, anakuja kusimama nyuma ya kiti changu, anamtazama marehemu, anasema, "Mwongezee nuru hapo shavuni, Ebo. Huyu mama alikuwa anakula vizuri, usimwaibishe." Maana bango la msiba si kitambulisho. Mtu lazima atokee ameshiba na amependeza. Ukimtoa vibaya umewatukana wote waliobaki.

Araba alifariki Aprili, mwaka ule wa barakoa. Haukuwa ugonjwa uliokuwa ukitajwa redioni. Lilikuwa tumbo. Lilianza kabla ya Krismasi kwa maumivu madogo madogo, na kuanzia Januari likawa linamla. Alikuwa mwanamke mnene, na unene wake alikuwa akiutembeza mjini kama mtu mwenye gari jipya. Akipita kwa wauza samaki na kitambaa kipya kiunoni, walikuwa wanaacha kuita wateja ili wamsifu. Miezi mitatu tu, na mwili wote ule ukaondoka.

Siku moja nilikuwa namwogesha. Akautazama mkono wake, bangili imeteleza mpaka kwenye kiwiko.

"Ebo, mtu asinione hivi."

"Sawa."

"Hata Ekua."

Nikaendelea kummwagia maji. Ekua ni dada yake mkubwa, anaishi Kumasi. Mama yao alifariki Araba akiwa na miaka minne, na Ekua ndiye aliyemlea, akamlisha kwa mkono wake.

"Hasa Ekua," akasema Araba. "Akinikuta hivi, ataona kazi yake yote imepotea bure. Niahidi."

Nikaahidi. Ningeahidi chochote siku ile.

Basi nikawa mwongo. Dada Ekua akipiga simu, Araba anajikaza anasema, "Nakula, dada, mpaka nguo zinanibana," kisha ananirudishia simu na kulala saa nzima kwa uchovu wa sentensi hiyo moja. Akitaka kumwona kwa picha, tunasema kamera ya simu imeharibika. Akisema anakuja, tunasema subiri tumbo litulie, hutaki kumchosha. Mwishowe alipoamua kuja hata kama hatutaki, Kumasi ilifungwa wiki tatu, hakuna kutoka. Araba akafa katika wiki hizo. Tulimzika watu wachache kama sheria ilivyotaka, na jeneza niliagiza lifungwe kulekule hospitali. Kwetu kumzika mtu bila watu kumtazama uso ni jambo zito, lakini mwaka ule kila kitu kilikuwa kizito na hakuna aliyenihoji. Dada Ekua aliyasikiliza mazishi ya mdogo wake kwenye simu, mchungaji akiwa ameishikilia karibu na kaburi.

Desturi inataka mgane avae nyeusi mwaka mzima, mpaka ukoo wa mke uje umvue. Nilivaa. Kazi ilikuja na kwenda, mimi nikabaki mle chumbani na mashine. Nilikuwa nanunua kenkey mbili, yale madonge ya unga wa mahindi, kwa mazoea, moja inakauka mezani mpaka kesho. Redio niliiacha ikisema peke yake chumba cha ndani, ili nikiingia nikute sauti. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya miezi ile mitatu, kwa sababu niliahidi kwamba miezi ile haikuwepo. Huo ndio upweke uliokuwa unaniumiza kuliko kitanda kitupu. Wengine wakimkumbuka Araba walikuwa wanamkumbuka yule wa sokoni, na mimi naitikia, ndiyo, ndiyo, wakati niliyekuwa naye kichwani ni yule aliyeniegemea nimvushe mpaka chooni.

Novemba ndipo pipa likafika. Nikaiunganisha ile skrini, nikawasha, na kila kitu kikatokea kimenenepa. Herufi zimekaa kama zimeketi chini. Nyuso zimetanuka kama za watu waliobana pumzi. Skrini ya zamani ilikuwa karibu na mraba. Hii mpya ni ndefu kwenda pembeni, na mashine yangu, ambayo haikuwa na habari za skrini za namna hii, ilichukua picha yake ileile ya mraba ikaivuta huku na huku mpaka ikajaza nafasi. Nilifungua mahali pa kuchagua ukubwa wa picha. Vipimo vyote mle ndani vilikuwa vya mraba. Nikafunga.

Mtu mwingine angetafuta fundi. Mimi nilijiambia nina jicho. Miaka arobaini nimepima kwa jicho, skrini ya binti yangu haiwezi kunishinda. Mteja akileta picha ya baba yake, naifungua, namwona baba wa watu amepasuka mashavu, nashika pembe ya picha kwa mausi, naivuta ndani kidogo kidogo mpaka sura inakaa vizuri. Nahifadhi faili, natuma kiwandani Takoradi, wanachapa, na jamaa wanachukulia hukohuko kiwandani. Mimi mwenyewe sikuwa nayaona yakiwa karatasi. Araba angekuwa nyuma ya kiti changu angeniambia siku ya kwanza.

Kazi zikaanza kupungua. Kufika Februari nilikuwa napata bango moja kwa wiki. Nilidhani ni nyeusi niliyovaa. Watu hawapendi kumpelekea mgane msiba wao. Nikawakasirikia. Nikaacha hata kuwasalimia wauza samaki.

Kisha ikakaribia siku ya Araba ya mwaka mmoja. Hii ndiyo ingekuwa siku yake hasa, maana mazishi hayakuwa mazishi. Ukoo wote ungekuja kutoka Kumasi na Cape Coast, ibada kanisani, kisha nivuliwe nyeusi. Bango nililitengeneza siku tatu. Picha nilichagua ile ya mahafali ya Aba, Araba amevaa dhahabu shingoni na anacheka mpaka macho hayaonekani. Niliifungua, ikatanuka, nikaivuta ndani kama kawaida. Niliivuta taratibu. Nilipofika mahali nikamwona yeye, nikaachia.

Kiwanda kikaniletea furushi nyumbani kwa kunihurumia. Nililifungua, nikalitazama bango la juu, nikamwona mke wangu. Sikuona kosa lolote. Niliketi naye kidogo, nikampa mtu wa kubandika, na kufika Jumatatu jioni Araba alikuwa kwenye kuta zote kuanzia kituo cha treni mpaka sokoni.

Jumanne asubuhi Dada Ekua akapiga simu.

"Shemeji."

"Dada Ekua, umeamkaje?"

"Sikuamka, kwa sababu sikulala. Nimetumiwa picha ya bango. Ile picha umeipata wapi?"

"Picha gani? Ni ile ya mahafali."

"Usinifanye mtoto. Ile ya mahafali ninayo ukutani kwangu. Mtu aliyeko kwenye bango ana shingo kama kuku wa mchuzi. Mashavu yako wapi? Simu yangu tangu jana inaita. Wanasema Araba alikufa na njaa ndani ya nyumba yako. Wengine wanasema alikuwa na ugonjwa wa kufichwa, ndiyo maana jeneza lilifungwa. Nikawaambia hapana, nilikuwa naongea naye, aliniambia anakula mpaka nguo zinambana. Aliniambia hivyo, Ebo. Alikuwa ananidanganya?"

"Dada, sijui wanachosema. Ngoja nitazame."

"Tazama. Alhamisi nakuja na wazee. Kama hakuna maelezo, hakuna wa kukuvua nyeusi. Utakaa nayo."

Nikachukua bango moja nikaliweka kando ya picha ya mahafali iliyo ndani ya fremu. Hapo ndipo nilipoona. Uso ulikuwa umebanwa pande zote mbili, mashavu yamepotea, shingo imekuwa ndefu, mifupa imejitokeza kwa sababu ya vivuli. Alikuwa Araba wa mwezi wa tatu, yule aliyeniomba asionwe na mtu. Nilimtazama furushi lilipofika nisione kosa, kwa sababu ndiyo sura niliyokuwa nikiibeba kila siku. Na nilikuwa nimembandika ukutani mji mzima. Nililia kwa hasira, tena hasira ya kujichukia, kisha nikatoka na ndoo ya maji nikaanza kubandua. Wauza samaki walinitazama. Nusu ya yale mabango yalikuwa yameshachanwa na watu wa ukoo.

Niliporudi nilichora mraba kwenye skrini nikaupima kwa rula. Ndiyo, rula, mimi. Sentimeta kumi kwenda juu, kumi na mbili kwenda pembeni. Nikaelewa kila kitu, na wote niliowabana tangu Novemba wakanipita kichwani mmoja mmoja: mwalimu mkuu, mama wa mkate, yule diwani mnene. Hakuna aliyekuja kuniambia. Walimhurumia mgane, wakahamia kwa mwingine.

Bango ningeweza kulirekebisha kwa hiyo rula. Nikampigia Dada Ekua nikamwambia ni mashine, lakini yeye si mtu wa hesabu. Angetaka kuona kwa macho yake kwamba ni mashine iliyomkondesha Araba. Asipoona, ataamini bango, na bango kwa bahati mbaya lilikuwa linasema kweli. Ahadi yangu yote ilikuwa imeegemea skrini ile. Jumatano nikaibeba kompyuta kwenye teksi mpaka Takoradi, na skrini nikaipakata.

Alhaji Seidu anauza vifaa vya kompyuta vilivyotumika karibu na soko. Tunafahamiana tangu nilipomwandikia kibao chake cha kwanza. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akakohoa.

"Masta Ebo, hii umeirithi kwa babu yako?"

"Itengeneze, Alhaji. Utani kesho."

"Utani ni leo, kesho nina kazi. Sasa sikiliza. Picha ya mashine yako inatoka kwenye ubao huu wa ndani, ulizaliwa nayo. Ulipozaliwa, hakukuwa na skrini pana. Unauambia kitu ambacho haujawahi kusikia. Inabidi tuweke kadi ya picha, yenyewe ndiyo iongee na skrini."

"Weka."

"Ningekuwa naweka. Tatizo ni tundu. Kadi za sasa zinaingia tundu jingine. Wewe una hili la kahawia, la kizamani, kadi zake watu wameshachoma wapate shaba."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Nimesema haiwezekani? Nimesema watu wamechoma. Mimi ni watu?"

Akavuta sanduku chini ya meza, limejaa kadi zimelaliana kama samaki wakavu. Alizipitia moja moja, akifuta meno ya dhahabu ya kila kadi kwa kifutio cha mwanafunzi. Ya kwanza iliingia tunduni lakini skrini ikabaki nyeusi. Ya pili ikapiga kelele, feni yake imekwama. Alipoishika ya tatu alisema bismillahi, akaisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka ikalia, akakaza skrubu, akachomeka waya wa skrini kwenye kadi badala ya mahali pa zamani. Picha ikaja. Bado pana, bado ya uongo.

"Mbona vilevile?"

"Subiri. Hujaitambulisha. Mgeni akiingia nyumbani kwako bila kutambulishwa, utampa chumba?"

Akaweka sidii yenye programu ya kadi ile, akasubiri, akazima, akawasha. Safari hii alipofungua mahali pa vipimo, orodha ilikuwa ndefu, na karibu na mwisho wake kulikuwa na vipimo vipana. Akachagua. Skrini ikawa nyeusi, nikashika meza. Ikarudi. Herufi zilikuwa zimesimama wima. Sikujua kuwa nilikuwa nimezikumbuka kiasi hicho.

"Fungua kazi zako tuone," akasema Alhaji.

Nikafungua la mwalimu mkuu. Likatokea jitu refu, limekauka. Nikafungua la mama wa mkate. Alhaji alianza kucheka kabla hajajizuia.

"Masta, Ramadhani bado siku chache, wewe umeshawafungisha maiti wa mji mzima."

Na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na kifua kiliuma kama mtu aliyekimbia. Kisha Alhaji akabonyeza faili iliyofuata, na ilikuwa ya Araba. Akaacha kucheka. Akaitazama, akanitazama, akashusha macho kwenye bisibisi yake.

"Hili nalo ni la mashine," nikasema.

"Naona," akasema. Akanifundisha jinsi ya kuchagua vipimo vya zamani na vipya, nikitaka kuonyesha mtu tofauti. Akakataa pesa, nami nikasema nitamwandikia kibao kipya kwa brashi.

Alhamisi saa nne Dada Ekua aliingia chumba changu cha mbele amevaa nyeusi na nyekundu. Hakukaa. Wazee alikuwa amewaacha nyumba ya jirani wanakunywa maji.

"Shemeji, kwenye simu umesema ni mashine. Nionyeshe hiyo mashine, nami nina macho."

Nikafungua picha ya mahafali kwa vipimo vya zamani. Araba akajaa skrini nzima, mashavu yametandazwa.

"Huyu nani, kiboko?"

"Ni yeye. Hivi ndivyo nilivyokuwa namwona kila siku. Nikawa nambana ili arudi alivyokuwa, lakini karatasi haitanuki kama skrini. Kwenye karatasi akabaki amebanwa. Sasa tazama."

Nikachagua vipimo vipana. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikarudi, na Araba alikuwa pale, upana wake mwenyewe, anacheka macho yamefumba. Dada Ekua akaweka kiganja mdomoni.

"Ndiye huyo," akasema. "Araba wangu."

Nikafungua na faili ya bango, nikaiweka kando ya ile picha, mnene na mwembamba wanatazamana. Nikamwonyesha na mwalimu mkuu, na mama wa mkate, na diwani. Alikuwa akitikisa kichwa kila nikifungua. Kwa diwani alitabasamu. Nilijua nimeshinda, na nikaanza kupumua.

"Ebo," akasema. Hakusema shemeji. "Mashine nimeielewa. Sasa niangalie mimi, acha hiyo. Siku aliyokufa, alikuwa kama huyu, au kama huyu?"

Kidole chake kilikwenda kwa mnene, kikaja kwa mwembamba, kikabaki hapo.

Nilitaka kumwambia. Nasema hili wazi kwa sababu sijamwambia mtu. Ningesema neno moja tu, tungekuwa wawili. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumlilia yule Araba mwembamba pamoja nami ila mwanamke huyu, aliyemlisha kwa mkono, na alikuwa amesimama mbele yangu ananiomba. Nilifungua mdomo na nilikuwa sijui utatoa nini.

"Kama huyu," nikasema, nikaonyesha mnene. "Alipungua kidogo. Kidogo tu."

"Mashavu?"

"Yalikuwepo."

Akaketi kwenye kiti cha Araba, akalia, huku anacheka.

"Mwaka mzima, shemeji. Mwaka mzima nalala nawaza ameisha huku peke yake mimi nikiwa Kumasi natazama televisheni. Bango lilipokuja nikasema, basi, ni kweli. Afadhali mashine. Mungu anisamehe nilivyokusema."

"Umesamehewa, dada."

Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa, akakusanya mabango yaliyobaki chini ya meza, yote, akayafunga pamoja. Alisema atayachoma mwenyewe. Kisha akageukia skrini.

"Na hiyo futa."

"Nitaifuta baadaye."

"Kwa nini baadaye? Unaipeleka wapi? Futa nikiona."

Kuitetea kungekuwa kukiri. Nikaibonyeza. Mashine ikauliza kama nina hakika.

"Iambie ndiyo," akasema Dada Ekua, na nikaiambia ndiyo.

Alipotoka nilimsikia uani kwa jirani akiwaelezea wazee kwa sauti kubwa, mashine, mashine, na wazee wakicheka kwa nafuu. Nami nikafungua tena picha ya mahafali. Nikashika pembe, nikaivuta ndani. Nilitaka kumwona mara moja tu, kwa kuwa miezi ile hatukupiga picha hata moja. Akatokea mwanamke mwembamba nisiyemjua. Nikavuta zaidi, nikaachia, nikarudisha nyuma, nikajaribu tena. Wakati ule mkono wangu ulimpata bila kumtafuta, kwa sababu skrini ilikuwa inanidanganya. Sasa skrini ilikuwa inasema kweli, na kila nilipovuta niliona picha ya Araba iliyobanwa, basi. Nilijaribu mpaka jirani akaanza kupika.

Nikairudisha picha upana wake, nikatuma kiwandani mabango mapya. Jumamosi nikavuliwa nyeusi, nikavishwa nyeupe, na watu wote waliopita mbele ya bango walisema ametokea vizuri, hivyohivyo alivyokuwa. Niliwashukuru.